Tufaha Jekundu, Tufaha la Kijani

Maradhi ni kama moshi: ukiuzibia mlangoni, utatokea paani. Hripsime, mjane wa Ashtaraki katika nchi ya Armenia, aliyasikia hayo tangu utotoni, akadhani yanawahusu wengine.

Binti yake Nazeli alikuwa na ile homa ya vipindi inayorithiwa katika koo za Waarmenia. Ilimjia ghafla, ikamkata tumbo kama kisu, ikaondoka. Daktari akampa vidonge vichungu vya kumeza maisha yake yote. Akavimeza, homa ikatulia tuli kama maji ya mtungini.

Kisha akaposwa na Artavazd, kijana wa ukoo wenye jina.

"Hivyo vidonge viache hapahapa," Hripsime alimwambia akifunga sanduku la bibi harusi. "Mama mkwe wako akiviona atasema tumempa mbuzi mgonjwa."

"Na homa ikirudi, mama?"

"Sema ni siku zako. Tangu lini mwanamke akakosa kisingizio?"

Asubuhi baada ya harusi, wakwe walileta sinia la matufaha mekundu, desturi ya kuonyesha kwamba bibi harusi aliingia na heshima yake. Hripsime alilitembeza mtaa mzima, kichwa juu kama jogoo.

Homa ikarudi. Nazeli akauma mto, akasema ni siku zake. Miaka ikapita, homa zikapungua zenyewe, mama akashangilia. Kumbe maradhi yalikuwa yamehamia figoni! Miguu ikavimba, mkojo ukafanya povu kama maji ya kufulia.

Katika hospitali moja ya Yerevani walimchota kipande cha figo kwa sindano, chembamba kama uzi.

"Mwanangu hana ugonjwa!" Hripsime aling'ang'ana. "Ni chumvi ya jibini la huko alikoolewa."

Daktari Vardges, mzee asiye na maneno mengi, akamsogeza kwenye hadubini. "Basi njoo ulione hilo jibini, mama."

Hripsime akainama. Vifundo vya figo vinavyochuja damu vilikuwa vimejaa kitu laini, chekundu kwa dawa ya rangi waliyokitia, kimeganda kama uji uliolala.

"Hiyo ni amiloidi," daktari alisema. "Kila homa isiyotibiwa huacha tope lake. Sasa tazama." Akageuza kioo cha mwanga. Giza likatanda, na pale palipokuwa pekundu pakawaka kijani, kijani cha tufaha bichi.

"Vidonge alikuwa akimeza?" daktari akauliza.

Hripsime alilikumbuka lile sinia.

Nazeli alikufa kabla theluji haijayeyuka. Baada ya maziko, Knarik, mama yake Artavazd, alimfuata Hripsime jikoni, akatoa kichupa mfukoni.

"Mkwe, si ungesema! Artavazd naye anayo homa hiyohiyo. Kila asubuhi anameza hivi, kwa kificho. Tuliogopa mngetunyima binti."

Hripsime akavimimina kiganjani. Vilikuwa vilevile. Kitanda kimoja: huyu akijificha kumeza, yule akijificha kuumwa, na dawa imo kabatini mwa nyumba hiyohiyo.

Akaramba kimoja. Uchungu ule ule aliokuwa akimbembelezea Nazeli kwa asali. Wale wanawake wawili wakaketi, kahawa ikapoa mbele yao, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Mficha maradhi, kifo humuumbua.