Wagubi wa Kitabu cha Sita

Palikuwa na Sultani aliyedai kitabu cha katuni kimemvunjia heshima, akataka mkono uliokichora ukatwe kabla ya adhuhuri.

Mkono wenyewe ulikuwa wa Mize binti Shaame, mjane, mchoraji wa hadithi za picha. Hadithi yake ilihusu mabaharia wa angani. Katika kitabu cha sita wanatua kwenye sayari fulani kuomba maji, wanakutana na viumbe waitwao Wagubi. Wagubi wana macho matatu, mikono minne na mkia, na mfalme wao amekataza mtu yeyote kupiga chafya kabla yake. Kurasa nne tu. Mabaharia wanachoka nao, wanaruka zao, na Wagubi hawaonekani tena. Mize mwenyewe alikuwa amekwisha kuwasahau, mpaka askari walipomgongea mlango.

Barazani Sultani alikaa juu ya mto wake, na kando yake Kadhi Mwinjaa aliketi na kalamu yake.

"Sheria ni fupi," alisema. "Amchoraye Sultani bila idhini hukatwa mkono. Ila mfanano sharti uonekane kitabuni, si midomoni mwa watu."

Mize aliuvuta mkono wa kulia ndani ya kanga.

"Mtukufu Sultani, huyu mfalme wa Wagubi ni dudu. Ana macho matatu."

"La tatu ni kito cha kilemba changu."

"Ana mkia."

"Joho langu huburutika nyuma. Nani asiyejua?"

"Mikono minne, Mtukufu."

"Miwili ni ya Waziri. Hupokea kwa niaba yangu."

Waziri akatazama dari.

"Na amri ya chafya?"

"Niliitoa mwezi wa Rajabu. Usijifanye huikumbuki."

Askari mmoja mlangoni alikuwa amejibana pua tangu shauri lianze. Aliibana zaidi.

Mize akaona maji yamemfika shingoni. Kila alichokitaja ili kumtenga Sultani na dudu, Sultani alikidai kuwa ni chake. Kubisha kulikuwa kunamkata mkono kidole kwa kidole. Basi akaacha kubisha, akaanza kuuliza.

"Labda ni sultani mwingine, Mtukufu. Wenye vilemba ni wengi."

"Wa vilemba vya kijani? Niko peke yangu. Wengine nimewapiga marufuku."

"Wenye ndevu nao ni wengi."

"Nyekundu kwa hina, kama hizi? Nitajie mmoja, we mwanamke."

"Simjui, Mtukufu. Kwa hiyo ukijani wa kilemba na wekundu wa ndevu, vyote umeviona humu kitabuni?"

"Kwa macho yangu haya. Kadhi, andika."

Kadhi akaandika. Sultani akaegemea mto. Mnyongaji, ambaye siku hiyo alikuwa ameazimwa kwa kazi ya mkono, akaanza kukunja mikono ya kanzu.

Mize akakichukua kitabu, akampa kadhi kwa adabu.

"Kadhi wangu, kurasa ni nne. Nitafutie kijani. Ukikosa, nitafutie nyekundu."

Kadhi akafunua. Akarudi mwanzo, akafunua tena. Akavaa miwani. Akakohoa.

"Mtukufu," alisema polepole, "mimi naona wino mweusi na karatasi nyeupe."

Baraza zima likamgeukia Mize.

"Ndivyo ninavyochora, Mtukufu," akasema. "Mimi nilichora dudu tu. Rangi umempaka mwenyewe."