Mwenye Jina la Simtoi

Hapo zamani, katika nchi ya Kwemhosi, mtoto hakupewa jina mpaka meno yamtoke. Meno ya chini yakitangulia, watu walicheka na jina likatolewa. Meno ya juu yakitangulia, hakuna aliyecheka. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Ilisemwa kwamba atawamaliza ndugu zake na kuifukuza mvua. Basi alivushwa mto, akaachwa msituni, na mama yake akakatazwa kulia.

Katika nchi hiyo aliishi Semndili na wake zake wawili, Mwasiti mkubwa na Kidawa mdogo. Walijifungua msimu mmoja, wote watoto wa kiume, na watoto wale walifanana kwa kuwa kila mmoja alichukua sura ya baba. Mtoto wa Kidawa aliota meno mapema, ya chini, akaitwa Mhina. Mtoto wa Mwasiti alikuwa bado, kwa hiyo hakuwa na jina.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Semndili alisafiri mbali kutafuta nafaka, akawaacha wake zake na mama yake mzazi, Bi Nyamvua. Bibi huyo ndiye aliyewalisha wajukuu uji wakati mama zao wakiwa shambani.

Asubuhi moja Bi Nyamvua alimlisha mjukuu asiye na jina, akasikia kitu kigumu kikigonga kijiko. Akaingiza kidole. Chini palikuwa laini. Juu palikuwa na jino.

Akaogopa. Alifikiria shamba lililokauka, akamfikiria mwanawe aliye safarini. Jirani alipopita kuomba moto, bibi akashindwa kujizuia, akamwambia. Jirani aliondoka na moto, na habari nayo akaondoka nayo. Kabla jua halijafika utosini, Jumbe wa nchi alikwisha kutuma watu.

Hapo bibi akajuta. Akawachukua wajukuu, akakimbilia shambani akawaambia wakwe zake alichokiona, na alichokisema, na kwamba watu walikuwa njiani.

Mwasiti alimfunga mtoto mgongoni akataka kukimbia, lakini njia zote zilipita mbele za watu. Kidawa akamzuia. Akasema wabadilishane. Mhina akae mgongoni kwa Mwasiti, na yule mwingine anyonye kwa Kidawa. Watu wa Jumbe watafungua kinywa, wataona meno ya chini, wataenda zao.

Mwasiti alimtazama mke mwenzake, akamwuliza kama alikuwa na hakika. Kidawa alikwisha mfungua Mhina mgongoni.

Wakaja. Mkuu wao aliitwa Shemdoe, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Hakufungua kinywa cha mtu. Alisema neno la bibi mzaa baba linatosha, wala yeye hakuja kuchungulia vinywa. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto aliyekuwa mgongoni kwa Mwasiti, akageuka kuelekea mtoni.

Sasa fikirini. Mtoto aliyebebwa ni Mhina, mwenye meno yake mazuri ya chini. Mama yake ni Kidawa, naye yuko pale pale, anamnyonyesha kigego. Neno moja lingetosha. Kidawa akafungua mdomo, akaufunga. Mtoto aliyekuwa kifuani pake alikuwa amemshika kidole.

Mwasiti akangoja Kidawa aseme. Kidawa hakusema. Watu wakateremka kilima. Kilio cha Mhina kikaanza kuwa kidogo. Kidawa bado hakusema. Machozi yalimshuka, lakini hakusema.

Ndipo Mwasiti alipokimbia. Aliwapita wale watu, akasimama mbele yao katikati ya njia.

"Huyo si wangu," akasema. "Wangu ni yule kule. Mfungueni huyo kinywa mtazame."

Shemdoe akamfungua Mhina kinywa, akaona. Akamkabidhi kwa Mwasiti, akapanda kilima polepole mpaka kwa Kidawa.

"Mama, nipe huyo."

"Simtoi," Kidawa akasema.

Shemdoe akamwambia kwamba mtoto si wake, na mama mwenyewe amekwisha kiri. Kidawa akasema anayenyonya kwake ni wake. Shemdoe akamwambia nchi lazima itoe mtoto leo, na asipomtoa huyu, atarudi kumchukua Mhina, meno au si meno.

Mwasiti alikuwa amefika, amemkumbatia Mhina. Kidawa akamtazama mwanawe, kisha akamtazama yule aliyekuwa kifuani.

"Simtoi," akasema tena. "Na yule simtoi."

Wale watu walikuwa hawajapata kuambiwa hivyo. Mama wengine walilia au walizimia, na wengine walikwisha toroka. Hakuna aliyesimama akakataa. Shemdoe akaamua kwamba jambo hilo limemshinda, waende wote kwa Jumbe.

Njiani Bi Nyamvua aliomba ambebe mjukuu wake, amuage. Kidawa akakataa. Bibi akaapa mbele yake kwamba hatamtoa, wala hatamwacha mkono. Basi Kidawa akampa. Wakatembea. Ghafla mtoto akapiga ukelele, bibi akamziba kwa kanga yake na kumbembeleza, wakaendelea kutembea.

Barazani watu walikuwa wengi. Jumbe alitaka kusikia kutoka kwa aliyeliona jino kwanza. Bi Nyamvua akasimama, mtoto mikononi.

"Jumbe, mtoto huyu si kigego," akasema. "Meno yake ya chini yalitangulia. Niliyang'oa mimi asubuhi hii kwa mkono wangu nikayatupa majivuni, kwa sababu simpendi mkwe wangu na nilitaka apokonywe mtoto. Fungueni mtazame."

Wakafungua. Juu palikuwa na jino. Chini ufizi ulikuwa umechanika, unatoka damu.

Nyinyi mmekwisha elewa. Njiani, chini ya kanga, bibi alikuwa ameuchana ufizi wa mjukuu wake kwa ukucha.

Mwasiti akataka kusema kitu, Kidawa akamkanyaga mguu. Jumbe alimtazama yule mzee muda mrefu. Wengine wanasema alimwamini. Wengine wanasema hakumwamini hata kidogo, ila alifurahi kupata njia ya kutokea. Akahukumu kwamba mtoto arudi nyumbani, na aliyetaka mtoto afe msituni aende msituni yeye.

Bi Nyamvua hakuomba kupunguziwa. Siku hiyo hiyo alivushwa mto. Watu wa upande wa pili wa msitu walimpokea, akaishi kwao, akafia kwao. Na kwa kuwa alifukuzwa, jina lake halikutajwa tena Kwemhosi, si katika maombi wala katika matambiko.

Semndili aliporudi, mwanawe alikuwa tayari ana jina. Hakuna aliyekaa chini kulichagua. Watu wa Jumbe walilisambaza wenyewe, wakisimulia habari za yule mtoto wa "simtoi", na mtoto akabaki Simtoi. Jina hilo halikuwahi kusikika kabla. Baadaye mama mmoja wa ng'ambo ya kilima aliona jino la juu kwa mwanawe. Shemdoe alipofika na kuuliza mtoto anaitwaje, alijibiwa, "Simtoi." Akasimama kidogo, akarudi zake. Wakatokea akina Simtoi wengine, huku mmoja, kule mmoja. Hawakuwa wengi, maana jina lile halikutolewa kwa furaha. Mwishowe watu wa Jumbe wakaacha kwenda.

Simtoi akakua, akalima shamba lake la kwanza. Desturi ya nchi ilitaka kapu la kwanza la mavuno lipelekwe kwa aliyekupa jina. Tangu siku hiyo huyo anakuwa mzazi wako mbele ya watu wote. Kama yu hai, atakaa kwako mpaka umzike. Kama amekufa, jina lake litatajwa nyumbani kwako, hata kama nchi nzima ilikwisha lifuta.

Simtoi akalijaza kapu mtama, akalitua uani.

Kidawa akasema neno lilitoka mdomoni mwake, alilisema mara mbili, na alilisema akijua kwamba watoto wote wawili wangeweza kuchukuliwa.

Mwasiti akasema, "Ningenyamaza, wangu angekuwa salama siku ile. Nilimtaja ili mtoto wa mwenzangu asiachwe msituni. Nami nilikataa kutoa."

Mhina, aliyekuwa kijana sasa, akasema polepole kwamba hilo ni kweli. Aliyekimbia kumfuata alikuwa Mwasiti. Mama yake alinyamaza. Kidawa akainamisha kichwa.

Semndili naye akamsemea mama yake. Akasema hao wawili walimkatalia Shemdoe, lakini kama si uongo wa bibi, mtoto angekufa. Bibi aliapa kwamba hatamtoa, na hakumtoa, akajitoa yeye. Mwasiti akajibu kwamba bibi ndiye pia aliyempa jirani habari pamoja na moto.

Simtoi akainama, akalibeba kapu begani, akasimama katikati yao.

Haya, niambieni nyinyi mliosikia yote. Kapu lile alipeleke kwa nani? Nani hasa alimpa Simtoi jina lake?