Hodi ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mhina, acha kumfinya mwenzako, kaa usikie.

Hapo kale, chini kabisa ya msitu wa Usambara, kwenye vichaka visivyokauka umande, aliishi ndege mdogo wa kahawia aitwaye Kinyemi. Alikula wadudu wanaokimbia msafara wa siafu. Siafu wakienda, naye yupo nyuma yao. Sasa nani atamtembelea anayefuatana na siafu? Alikuwa mpweke, mpweke, mpweke hasa.

Siku moja akasikia, "Hodi. Hodi."

"Karibu," akajibu upesi.

Watu wa kule hawafungui mlango mpaka hodi ya tatu. Zimwi ana uchu, ulimi wake haufiki ya tatu. Kinyemi alilijua hilo vizuri, lakini mwenye njaa ya mgeni hahesabu hodi.

Basi akaingia zimwi, jicho moja, kucha ndefu. Akaketi, akauliza habari za wadudu. Kesho yake akaja. Kesho kutwa akaja. Kinyemi akafurahi mpaka siafu wakampita.

Siku ya nne zimwi akasema, "Ndugu yangu, twende kijijini kwa Bi Mbonea tukazungumze. Ila hodi zangu hazitoshi. Nibishie wewe."

"Hutamdhuru?"

"Wewe nimekudhuru?"

Basi wakaenda. Bi Mbonea alikuwa ndani akimenya ndizi, na mwanawe mchanga mgongoni.

"Hodi," akaita Kinyemi. "Hodi."

Mtoto akacheka. Kinyemi akamsikia zimwi nyuma yake akimeza mate.

Moyo ukamwuma. Akiita ya tatu, mtoto ataliwa. Asipoita, rafiki anakwenda zake, na hana mwingine. Akafumba mdomo.

"Hodi mbili, mwanangu," Bi Mbonea akamwambia mtoto. "Hatufungui." Akatia komeo.

"Ita," akanong'ona zimwi.

Kimya.

"Ita."

Kimya.

"Ita, au hunioni tena."

Machozi yakamtoka Kinyemi, lakini hakuita.

Zimwi akaondoka, na kweli hakurudi. Bi Mbonea hakujua nani kamwokoa. Kinyemi akarudi kichakani peke yake.

Mpaka leo ukipita kule utamsikia akiita mara mbili, kisha ananyamaza. Na watu wakisikia hodi mbili, hufunga mlango.

Hadithi yangu imeishia hapo, mbele ya mlango uliofungwa. Upweke ni mzigo mzito, wanangu, lakini usiutue mlangoni pa mwenzako.