Gololi ya Kufufua Mmoja

Sogeeni. Mwenye huruma nyingi akae karibu na mlango, maana leo sina nia ya kumbembeleza mtu.

Kule Mbeya, mwezi wa saba, baridi ikiwa ya kung'ata masikio, vijana wanne walikuwa wakikutana kila Jumapili baada ya ibada. Jiko la mkaa waliliweka katikati ya miguu yao, birika la chai juu yake, na mezani wakatandaza karatasi, penseli na dadu. Ambakisye ndiye aliyeendesha mchezo: yeye alisimulia nchi, majitu na misiba. Wale watatu kila mmoja aliunda mchawi wake kwenye karatasi, kwa alama ishirini tu. Ukizijaza huku, kule panabaki patupu. Na mezani kwa Ambakisye, mchawi akifa karatasi yake hutiwa jikoni, na mwenyewe huondoka mpaka uanze mchezo mwingine. Mchezo huu ulikuwa na miaka minne.

Sekela alitaka moto. Alimwaga alama kumi na nane kwenye moto, zikabaki mbili za uhai. Mchawi wa kuuawa na chafya! Tuntufye akamwambia, "Usiogope, dada. Mimi nitakuwa ukuta wako." Sekela akaamini.

Tuntufye alitaka ardhi. Alijaza uzito na nguvu, kwenye mbio hakuweka hata alama moja. Lusajo akamwambia, "Mbio za nini? Ukikwama, nitaita mto ukubebe." Tuntufye akaamini.

Lusajo alitaka maji. Aliyaita kwa wingi kuliko mtu yeyote, ila hakujiwekea akiba, kwa hiyo akiyaita mara ya pili yalitoka mwilini mwake mwenyewe. Sekela akamwambia, "Utayaita mara moja tu. Mimi sichelewi kuua." Naye akaamini. Mnaona walivyopendana? Ndio ubaya wenyewe.

Basi Jumapili moja Ambakisye akawaletea jitu la magamba. Mkuki hauliingii, moto haulishiki, na linakufa kwa namna moja tu, kuchemshwa. Chini ya mlima kijiji kizima kilikuwa kinalisubiri kwa hofu.

Tuntufye alirusha dadu, ardhi ikapasuka, jitu likatumbukia. Likaanza kupanda. Mchawi wake akashuka shimoni, akalikumbatia miguu na kugeuka mwamba. "Nimelishika," alisema. "Nikiachia, linatoka."

Lusajo alirusha dadu, shimo likajaa maji mpaka juu, yakamfunika hata mchawi wa Tuntufye.

"Si ulisema utanibeba?"

"Nikikubeba wewe, shimo linabaki tupu."

Ikafika zamu ya Sekela. Dadu alikuwa nazo mkononi, lakini hakurusha. Miaka minne mchawi wa Tuntufye alitembea mbele yake, leo amchemshe? "Naruka zamu," alisema. Zamu moja tu! Maji yakaanza kuvujia kwenye nyufa, na Lusajo akalazimika kuyaita mara ya pili. Alifuta alama zake kwa raba, moja baada ya nyingine.

"Sekela, choma!"

"Tuntufye yumo humo!"

"Choma, mimi nakauka!"

Lusajo alipofuta alama yake ya mwisho, mchawi wake akakauka, ndipo Sekela akarusha. Shimo likatokota. Ambakisye, roho mbaya yule, akasimulia polepole nani alianza kuiva, akaeleza hadi harufu. Jitu likafa, na mwamba uliolishika ukafa nalo. Mvuke ukapanda, ukamkuta mchawi wa moto amesimama bila ukuta, na alama zake mbili. Hata dadu hazikuhitajika.

Kijiji kilipona. Wachawi wote watatu walikufa.

Ambakisye akaweka gololi ya kijani mezani. "Hii ilikuwa tumboni mwa jitu. Inafufua mmoja. Mkubaliane kwa sauti moja. Birika hili likichemka kabla hamjakubaliana, karatasi zote tatu zinaingia jikoni."

Tuntufye alisema, "Bila mikono yangu lingetoka. Na nyie ndio mlionipika hai, tena mlikuwa mnaniita rafiki."

"Ukuta wangu ulikuwa wapi?" Sekela aliuliza. "Mimi ndiye niliyeua jitu, na nikafa kwa sababu yako."

"Mimi nimekauka nikimngojea Sekela," alisema Lusajo. "Maji yote yale ni mwili wangu. Angechoma mapema, ningekuwa hai."

"Kwa hiyo kosa langu ni kumwonea huruma Tuntufye?"

"Ndiyo," alijibu Lusajo. Sekela akamgeukia Tuntufye, akitegemea walau yeye atamtetea.

"Ndiyo," alisema Tuntufye. "Mimi nilikuwa wa kufa tu. Ulichelewa bure."

Sekela akalia. Niliwaambia mwenye huruma akae mlangoni.

Nami nimechoka kuwabebea mzigo wao, gololi nakuwekea wewe kiganjani. Aliyeshika, aliyejaza, aliyechemsha: mmoja akikosekana jitu linatoka. Kila mmoja alivunja ahadi, na kila mmoja aliuawa na ahadi ya mwenzake. Ambakisye ameshazikunja karatasi. Unamrudisha nani? Na wale wawili utawaambia nini, wakiinuka kwenda kwenye baridi? Usinijibu kwamba wote wanastahili, hilo hata wao wanalijua. Taja jina, tena upesi, mfuniko wa birika umeanza kuchezacheza.