Jinsi Mbuzi Alivyojifunza Kumlamba Mwanawe

Haya nayasema kama nilivyoyapata kwa mama mkwe wangu, tukikamua pamoja asubuhi, yeye mbuzi wake na mimi wangu. Nanyi wajukuu zangu mtayachukua mwende nayo mtakakoolewa na mtakakooa.

Kulikuwa na wakati mbuzi hakumlamba mtoto wake. Alizaa amesimama, mtoto akaanguka chini na ute wake, jua likamkausha, akainuka mwenyewe akatafuta kiwele. Mama yake alikuwa ameshageukia majani. Hakuna aliyeona ubaya wowote, maana nchi ilikuwa tulivu. Mvua ilinyesha kwa majira yake, na wanyama wakali walikaa mbali, huko nyuma ya milima ya mawe, wakila swala. Mtoto wa mbuzi aliyezaliwa siku hizo aliona nyasi, akasikia kengele za wenzake, akashiba maziwa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba dunia ni mahali pa kukaa.

Chini ya milima hiyo aliishi mwanamke jina lake Sechelela, na mumewe Madeje. Walikuwa na nyumba ya tembe, zizi la miiba, na mbuzi wengi. Madeje aliwapeleka malishoni, Sechelela aliwakamua na kuwatunza wanaozaa. Aliwajua mmoja mmoja, hata kwa kukohoa kwao.

Ukaja mwaka mbaya. Mvua haikunyesha, swala wakahama, na chui akabaki hana chakula. Akashuka. Alikuja mchana kweupe, akachukua mbuzi mbele ya macho ya Madeje, kesho akarudi, na keshokutwa. Mbuzi wenye mimba walikuwa wakikimbizwa kutwa nzima. Walizaa mbio mbio, wakaacha watoto vichakani wakakimbia tena, na waliporudi maziwa yalikuwa yamekatika. Watoto kumi na tisa walizaliwa hivyo mwaka ule. Siku zao za kwanza duniani zilikuwa njaa, kelele na upweke.

Mmoja wao alikuwa jike mwenye sikio moja jeupe. Sechelela alimwita Kishtuko.

Mwaka uliofuata mvua ilirudi. Nyasi ziliota hadi magotini, swala wakarudi, na chui akawafuata huko huko milimani. Mbuzi wakubwa walisahau upesi, wakanenepa. Lakini wale watoto wa mwaka wa chui hawakunenepa. Kibuyu kikianguka jikoni, walitimka mpaka povu likawatoka mdomoni. Kisha walisimama pembeni wakitetemeka, na siku hiyo hawakula tena. Kishtuko ndiye aliyezidi wote. Hata kivuli cha ndege kikipita juu ya zizi alijirusha kwenye miiba akajichana.

Madeje alichoka. "Chui ameondoka," alimwambia mkewe. "Hawa wanamkimbia nani?"

"Nje hayuko tena," Sechelela akajibu. "Amebaki ndani yao."

Sasa sikilizeni hapa. Katika mwaka ule ule mbaya alizaliwa mtoto mwingine, wa ishirini, dume la rangi ya majivu. Huyu alizaliwa mlangoni kwa Sechelela, mama yake akakimbia kama wenzake. Sechelela alimwokota, akamsugua kwa ngozi aliyojifunga kiunoni, taratibu, kuanzia shingoni hadi mkiani, mpaka akakauka. Na kwa kuwa kitoto hicho kilikuwa kinalala penye njia ya jikoni, kila alipopita alikikuna mgongoni. Maziwa kilipata kidogo kama wengine. Chui kilimsikia kama wengine. Lakini Majivu, ndivyo alivyomwita, alipokua alikuwa tofauti kabisa. Kibuyu kikianguka alishtuka, akaruka hatua tatu, akageuka kutazama. Akiona ni kibuyu, alirudi kula.

Sechelela alikaa na jambo hilo siku nyingi. Aliwatazama wale wawili, Kishtuko na Majivu, na mwishowe akaelewa kitu ambacho kabla yake hakuna mfugaji aliyekielewa. Ndani ya kila mnyama kuna maji ya hofu. Hatari ikija yanamwagika mwilini, moyo unapiga, miguu inapata nguvu, na mnyama anaokoka. Ni kitu kizuri ajabu. Lakini maji hayo yana mlango wake, na mtoto hazaliwi akijua kuufunga. Anajifunza katika siku zake za kwanza. Akikuta utulivu na mguso wa mama, mlango wake unajua kufunguka na kufungika. Akikuta vitisho mfululizo, mwili wake mdogo unasema, kumbe dunia ndiyo hii, basi afadhali mlango ukae wazi. Na unakaa wazi mpaka uzee. Bwana mifugo aliyekuja kuchanja mbuzi wetu mwaka juzi aliniambia maji hayo yana jina, wao wanayaita homoni. Nilimwambia asante kwa jina, kitu chenyewe tulikuwa nacho.

Sechelela alijaribu kumsugua Kishtuko kama alivyomsugua Majivu. Alikuwa amechelewa. Mbuzi alivumilia kidogo, akapunguza kutetemeka kidogo, basi.

"Nitawachinja wote kumi na tisa," Madeje akasema siku moja. Hakuwa mtu mkatili, alisema kwa huzuni. "Hawanenepi, wanawatia wenzao wazimu. Wakizaa, watazaa wenye woga kama wao."

"Baba, niachie mpaka wazae mara moja tu."

"Uwaone nini, mama?"

"Sijui bado," Sechelela akasema. Na ndiyo ilikuwa kweli yake.

Kesho yake Madeje alinoa kisu, akamfunga Kishtuko kamba, akamtoa nje ya zizi mpaka malishoni. Ilikuwa mchana, kundi zima likila karibu na mawe, upepo umetulia. Ghafla Kishtuko akakaza shingo. Yale masikio, jeupe na jeusi, yakaelekea kwenye jiwe moja kubwa. Hakuna mbuzi mwingine aliyenyanyua kichwa, na Madeje mwenyewe hakusikia chochote. Kishtuko akapiga kelele moja kali, akakata kamba, akakimbilia nyumbani. Wale wenzake kumi na wanane wakamfuata, na kundi lote nyuma yao. Ndipo chui akatoka nyuma ya lile jiwe, akasimama mahali ambapo mbuzi walikuwa wakila sasa hivi. Alikuta majani matupu.

Madeje alirudi nyumbani akakaa kizingitini na kile kisu mkononi. Akasema, "Kumbe mwili wake haukukosea. Ulijiandaa kwa dunia iliyomlea."

"Haukukosea," Sechelela akasema. "Ila unamla."

Kweli, siku tatu baada ya hapo Majivu alikuwa akicheza, naye Kishtuko alikuwa bado amesimama kwenye kona, hali wala hanywi. Madeje akaweka kisu darini. "Wazae," akasema.

Kishtuko alizaa wakati mtama ulipokuwa ukitoa masuke. Alizaa asubuhi, peke yake, na mtoto alipoanguka yeye mwenyewe ndiye aliyemwogopa. Aliruka hadi upande wa pili wa zizi. Mtoto, jike, akabaki chini analia, na Sechelela akaona ule mtetemo anaoujua ukianza kwenye mabega ya mtoto. Moyo ulimuuma. Angeweza kumchukua akamsugua mwenyewe. Lakini mbuzi walikuwa wengi na mikono yake miwili, na yeye hangeishi milele.

Akakumbuka kitu kimoja. Mbuzi hupenda chumvi, hata mbuzi mwoga. Akaingia ndani, akachukua konzi ya chumvi, ile inayokwanguliwa mbugani maji yakikauka, akailowesha akampaka mtoto mgongoni, kifuani na kichwani. Kisha akarudi nyuma, akakaa chini, akatulia kimya.

Kishtuko alinusa hewa. Akaja hatua mbili, akarudi tatu. Akaja tena. Akanyoosha shingo ndefu kama anayechungulia kisima, akatoa ulimi, akagusa. Jani likaanguka, akakimbia. Sechelela hakusogea, hata nzi alipomtua jichoni. Kishtuko akarudi. Akalamba mgongo, akalamba shingo, akalamba masikio mpaka ndani. Chumvi ikaisha, naye akaendelea, kwa kuwa sasa alikuwa ameshika harufu ya mtoto, na mtoto alikuwa ameacha kulia. Mtetemo ukapungua, ukakoma. Mtoto akasimama, akayumba, akapata kiwele, akanyonya huku mkia ukimcheza.

Madeje aliporudi kunywesha kundi alimkuta mkewe bado amekaa pale pale, machozi yanamtoka.

"Amekufa?" akauliza.

"Amenyonya," Sechelela akasema.

Kesho yake alimpaka chumvi kidogo. Siku ya tatu hakumpaka kabisa, na Kishtuko akalamba hivyo hivyo. Sechelela akafanya vile kwa wale wengine wote walipozaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka magoti yake yakaota sugu kwa kukaa zizini. Na watoto wale walipokua, watu walikuja kuwatazama kutoka mbali. Walikuwa na masikio ya mama zao, wakisikia hatari kabla ya wote. Lakini ikishapita, walitulia, wakala, wakanenepa. Walipozaa wao, hawakungoja chumvi. Walilamba kwa sababu walilambwa.

Kishtuko mwenyewe hakupona. Aliishi miaka kumi na mmoja akishtukia vivuli, na alizaa mara saba. Mara zote saba aliogopa kwanza, kisha akarudi akalamba. Mama mkwe wangu akifika hapa alikuwa anaacha kukamua. Alisema hajaona kiumbe wa kustahiwa kama yule, aliyempa mwanawe kitu ambacho yeye hakuwahi kupewa na yeyote.

Na tangu siku hiyo mbuzi humlamba mtoto wake kabla hajala hata jani moja, na mbuzi kijana akimkataa mzaliwa wake wa kwanza, sisi wa huku tunampaka mtoto chumvi mgongoni na kurudi nyuma. Ndiyo maana pia huwa nawafukuza mkipiga kelele zizini wakati wa kuzaa. Mkimkuta analamba, piteni polepole. Kazi anayoifanya pale itadumu ndani ya yule mtoto maisha yake yote.