Upindo wa Kitenge cha Rozina

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakizungumzia chawa peke yake. Walimaanisha kwamba mtu huweza kumulika kwa majirani, akahesabu nyayo za wapita njia na kumnyooshea kidole huyu na yule, kumbe kinachomng'ata amekivaa mwenyewe. Wengi huitumia methali hii kumsema ndugu mbaya. Rozina wa kijiji cha Pito naye aliitumia hivyo hivyo, na aliyemkusudia ni mama mkwe wake, Bertha.

Rozina aliolewa na Flavian, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu mpole asiyejua kugombana hata na ng'ombe wake wa plau. Mungu aliwajalia watoto wanne, Yusto akiwa wa kwanza. Alipokwisha kumwachisha ziwa kitindamimba, Rozina alisema moyoni, basi. Hakumwambia mume, wala padri, wala mtu wa jumuiya yao. Kila mwezi alikwenda Sumbawanga mjini kuuza maharage, akanunua vidonge vya majira vya kuzuia mimba katika duka la dawa ambako hakuna aliyemjua. Alivitia katika upindo wa kitenge chake cha kila siku, akashona, akaacha tundu la kupitisha kidole. Zahanati ya kwao hakuthubutu kuikaribia, maana muuguzi wake alikuwa akiimba naye kwaya moja. Mambo yakaenda hivyo miaka minane.

Bertha naye hakuwa mjinga. "Mama Yusto," alikuwa akisema huku akipepeta ulezi, "shamba lililozoea kuzaa haliachi hivi hivi. Kuna kitu." Maneno hayo yalimchoma Rozina kama mwiba wa samaki.

Mwaka huu, wakati wa mavuno, maumivu yakamshika chini ya mbavu za kulia. Yalikuja, yakaondoka, yakarudi na kichefuchefu. Bahati mbaya yalianza siku moja tu baada ya Bertha kurudi kutoka Kasanga na zawadi ya migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, nao wakaipika usiku huo huo. Hapo shaka ikapata pa kuota. Tangu siku ile, chochote kilichotoka chunguni mwa Bertha kilionjwa kwanza na kuku mmoja mwekundu, na Rozina akawa akimchungulia kuku huyo tangu asubuhi hadi machweo.

"Mbona unamlisha kuku uji wangu?" Bertha aliuliza.

"Naye ana njaa, Bibi Yusto."

"Kuku huyo amekushinda unene."

Jirani wa Rozina, Lucia, ndiye aliyemwaga mafuta ya taa kwenye moto huo. "Shoga, kikulacho ki nguoni mwako. Mama yule alikuja na samaki, sasa anaondoka na afya yako. Kule Ilemba yuko mtu anayekanda tumbo mpaka ulicholishwa kitoke. Twende Jumamosi."

Lakini Flavian alishikilia kwamba waanze hospitali. Walikwenda watatu, Bertha akiwa amebeba hotpoti ya uji. Damu ikapimwa, picha za tumbo zikapigwa, na siku majibu yalipotoka Daktari Faith akawaita mume na mke chumbani. Bertha alibaki nje mlangoni.

"Mama, ini lako lina uvimbe uliopita kidogo sentimita tano," daktari alisema. "Damu yako haina virusi vya ini, na picha hazionyeshi dalili za saratani. Uvimbe wa aina hii kwa kawaida si saratani, ila hauna adabu. Ukizidi kukua huweza kupasuka ukavujisha damu tumboni, na hiyo ni hatari ya kufa. Kwa hiyo tumbo hilo lisikandwe, lisiminywe, lisichanjwe chale. Sasa niambie, unameza vidonge vya majira?"

"Hapana, dokta."

Daktari akamwomba Flavian atoke kidogo, akauliza tena kwa sauti ya chini. Rozina aliutazama upenyo wa chini ya mlango. Aliyaona malapa ya Bertha, yametulia tuli kama yanayosikiliza.

"Hapana. Mimi nimelishwa kitu."

Daktari akaweka kalamu. "Sikuulizi ili nikuhukumu. Kwa wanawake wachache sana, hasa waliovimeza miaka mingi, vidonge hivyo huchochea uvimbe kwenye ini. Ingekuwa hivyo, tungeviacha na kungoja, maana mara nyingi husinyaa. Kama sivyo, itabidi nitafute jibu kwa njia nyingine, pengine kwa sindano, pengine kwa kisu. Fikiri, urudi Jumatatu."

Njia nzima Rozina alijiuliza maswali. Daktari amejuaje habari za vidonge? Nani amemnong'oneza? Bertha alikuwa amekaa pale nje na wauguzi muda mrefu, wakicheka. Hata daktari sasa akaingia katika orodha ya watu wa kuogopwa. Jioni ile alipitisha kidole kwenye upindo, akameza kidonge chake kama kawaida, akaamua kwamba Jumamosi atakwenda Ilemba.

Jumamosi alfajiri, baridi ya Ufipa ikikata kama wembe, aliamka akakuta kitenge hakipo. Alichungulia dirishani. Bertha alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, kitenge kiko mkononi. Nani asiyejua mtu mwenye nia mbaya anavyoitafuta nguo ya mwilini? Rozina alitoka mbio, mkono umeshika mbavu, akaidaka ncha moja.

"Nirudishie nguo yangu."

"Naifua, mwanangu. Utasafiri na kitenge kilichotapikiwa?"

"Unataka kukata kipande. Ninajua."

"Nikate kipande nikipeleke wapi, nikashonee kilemba?"

Wakavutana, huyu huku, huyu kule, kama watoto wanaogombea kamba ya kuruka. Nyuzi za upindo zikaachia. Vidonge vikaanguka kwenye beseni la maji ya sabuni lililokuwa pale, vingine bado vikiwa katika karatasi yake, vikaelea mbele ya wote wawili.

Bertha aliinama, akaviokota.

"Kumbe hivi ndivyo alivyoviulizia yule binti daktari."

Rozina aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Utamwambia Flavian?"

"Utamwambia wewe. Mimi nilizaa tisa, nikazika wanne. Mimba ya saba niliililia shambani ili baba yake Flavian asinione. Wewe ulidhani nani angekuelewa, kuku?" Akakamua kitenge. "Wajukuu nawataka. Lakini nawataka na mama yao."

Lucia akatokea na kikapu chake. "Mama Yusto, gari linaondoka."

"Nenda tu, shoga. Mimi siendi."

"Niende kufanya nini? Mimi tumbo haliniumi."

Jioni Rozina alimweleza mumewe yote. Flavian alisikiliza, akachukua jembe, akaenda shambani ambako hakukuwa na kazi. Jumatatu, wakielekea hospitali, ndipo alipofungua kinywa.

"Ungeniuliza, ningesema wanne wanatosha."

"Ningejuaje?"

"Kwa kuniuliza."

Rozina aliviweka vidonge juu ya meza ya daktari. Daktari Faith akahesabu ile miaka, akatikisa kichwa bila kufoka. "Wanawake wengi humeza hivi bila madhara. Kosa lako ni kujificha, ukakosa mtu wa kukupima na kukuuliza unajisikiaje. Kwako wewe, kuanzia leo basi. Kipo kitanzi cha shaba kisicho na homoni, na zipo njia nyingine. Kaeni wawili mchague. Ukipata maumivu ya ghafla au kizunguzungu, usingoje kupambazuke, njoo. La sivyo, tupige picha baada ya miezi sita."

Miezi hiyo sita ilikuwa mirefu kuliko ile miaka minane. Kila alipochomwa kidogo ubavuni, Rozina alishika roho mkononi. Lakini mahindi mapya yalipokuwa yakichipua, picha ilionyesha uvimbe umepungua hadi sentimita tatu. Hakukuwa na haja ya kisu. Daktari aliandika tarehe ya kuangaliwa tena, akamwambia asiiruke.

Walipokuwa wakirudi walimkuta Lucia barabarani, udadisi umemjaa hadi kooni. "Mwenzangu, mwishowe mmemjua aliyekulisha?"

"Tumemjua," Rozina alijibu, Bertha akiwa kando yake. "Ni mimi mwenyewe, kila jioni, kwa maji ya mtungi wangu."

Alikuwa amekagua vyungu vya watu wote, akawapima kwa kuku, akasahau kukagua upindo alioushona kwa mkono wake. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.