Chumvi ya Mlangoni

Hadithi iko mlangoni, jamani. Semeni: na iingie!

Zimwi la bwawani lilimwiba Dama, binti pekee wa Bi Mbeyu. Mama akalia mpaka sauti ikamkauka.

Masika yalipoanza, chura akaja kizingitini, akatulia, akamkazia macho. Na kwao, chura akisogelea mlango hutupiwa chumvi, ili asilete maradhi. Bi Mbeyu akamtupia. Ngozi ikamchoma chura, akaruka, akatokomea.

Masika ya pili akaja tena, akaishia uani. Akatupiwa chumvi.

Masika ya tatu alisimama mbali, penye migomba. Bi Mbeyu akamfuata huko huko na chumvi kiganjani.

Kesho yake Bi Mbeyu akaenda bwawani, akapiga magoti. "Ewe zimwi, nirudishie mwanangu!"

Zimwi likashangaa. "Kilio chako kilinichosha, mama, nikamwachia zamani. Nilimgeuza chura, nikamwambia aende kwao, na akipokelewa ndani atakuwa mtu tena. Amekuja mara tatu. Hukumpokea?"

Bi Mbeyu akarudi mbio, akamwaga chumvi yote shimoni. Hata leo hali chumvi. Kila masika hukaa kizingitini akiita, "Dama, mwanangu, njoo ndani!"

Naye Dama huitambua sauti ya mama yake, akaitikia kutoka bwawani. Njia ya nyumbani anaikumbuka vizuri. Lakini ngozi yake inaikumbuka chumvi.

Hadithi yangu inaondoka, jamani, na mlango wa Bi Mbeyu bado uko wazi.